Maître Maana Yake Mwalimu

Huko Kadutu, mjini Bukavu, wako watu wazima wenye wajukuu ambao mpaka leo wanaamini kwamba ninja ni wanafunzi wa shule. Kosa ni la papa yangu.

Papa alikuwa mtafsiri wa filamu katika salle ya vidéo, ukumbi wa filamu wa mtaa wetu. Palikuwa na televisheni moja, deki moja, jenereta nyuma ya ukuta, na mabenchi ya kanisa tuliyoazimwa siku zote isipokuwa Jumapili. Filamu zilikuja zikisema Kichina, Kijapani, Kihindi, lugha zote alizozigawa Mungu pale Babeli, na papa hakujua hata moja. Alijua Kiswahili, Mashi, na Kifaransa cha darasa la sita. Lakini alikuwa na sauti na alikuwa na macho. Alisimama kando ya kioo na fimbo ya mwanzi mkononi akatuambia wale watu wanasema nini. Hakuwahi kusema "sijui". Mtafsiri anayesema sijui ni mtazamaji kama wengine, alisema, basi akae chini.

Mimi pia ni mtafsiri sasa, hapa Brussels, tena wa kiapo. Mgonjwa kutoka Kivu akikaa mbele ya daktari kule Jette, au mama akiitwa shuleni kwa mwanawe hapa Laeken, ninakaa katikati yao. Sheria yetu ni moja: usiongeze, usipunguze, usibadilishe. Mimi ni mkali kwa sheria hiyo, wenzangu wananijua. Papa nilipomweleza mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu.

"Donc wewe iko tuyau tu," aliniambia. "Maji inaingia huku, inatoka kule."

Kaseti ya ninja ililetwa na mfanyabiashara kutoka Bujumbura. Jalada lake lilikuwa limepotea. Mtu alikuwa amebandika plasta ubavuni na kuandika kwa kalamu: Ninjas sans maître. Chini yake namba 1. Papa alisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sans alijua, ni "bila". Maître alijua zaidi, kwa sababu kila mtoto wa Kongo aliyekaa darasani anajua maître ni nani. Ni yule mwenye chaki na fimbo, ambaye akiingia mnasimama wote na kusema "Bonjour, maître". Kwamba Wazungu wanamwita maître pia mtawala wa ngome, bwana mwenye watu wake na ardhi yake, hilo nani angemwambia?

Kwa hiyo filamu ilianza, na kila kitu kikakubali. Mzee wa ndevu nyeupe ameketi jukwaani, na mbele yake watu wa nguo nyeusi wamepiga magoti, vichwa chini.

"Munaona bale?" papa alisema. "Balichelewa."

Salle nzima iliguna kwa huruma, maana nani hajawahi kupigishwa magoti kwa kuchelewa? Mzee alikunjua karatasi ndefu akaisoma kwa hasira: hayo yakawa matokeo ya muhula, na ukoo mzima umefeli. Ninja mmoja alipanda ukuta: anatoroka hesabu. Jeshi la adui lilipotokea na mienge, papa alitufafanulia kwa uchungu, "Ile ni école ingine. Beko na wivu." Ngome ilipoungua tulililia shule. Mzee alianguka kutoka paa la juu kabisa, na mama mmoja nyuma yangu akapiga yowe, "Maître!" Mwisho kabisa ninja waliosalia, kama ishirini hivi, walikuwa wamesimama shambani kwenye mvua, bila pa kwenda. Hapo picha ikakatika. Kaseti namba 2 haikuja kamwe.

Nimewahi kuitafuta filamu ile kwenye mtandao. Ninja ni wengi kama siafu, nikaacha. Nikisema kweli, niliogopa kuipata.

Siku ile watu walikataa kutoka. Walitaka kujua ukoo ule utakuwaje. Papa alizima televisheni, akasimama mbele ya kioo cheusi, akaendelea kutafsiri.

"Ba-ninja beko mu mvua," alisema. "Bamoja banasema, twende tulipize! Alors mukubwa wao anauliza: kulipiza ni kazi ya siku moja. Na kesho yake mutafanya nini?"

Nilikuwa na miaka sita au saba, nimekaa sakafuni, na ninakumbuka kimya kilichofuata. Wengi mle ndani walikuwa na mtu wa kumlipiza.

Basi papa akawapeleka ninja wake vijijini, mmoja mmoja. Walikuwa watu wa ajabu, waliojua kupanda kuta, kutembea bila kusikika, kuzuia pumzi, kungoja siku tatu bila kula. Ujuzi huo wote ulikuwa wa kumtumikia mtu mmoja, na mtu huyo hayupo tena. Aliyejua kupanda akawa fundi wa mapaa yanayovuja. Mwanamke aliyetembea bila kusikika alikwenda kukaa na wenye homa, kwa sababu mgonjwa huchoshwa na kelele za miguu kuliko na homa yenyewe. Aliyejua kuzuia pumzi alizamia visima na kutoa ndoo zilizopotea, na vijiji saba vilimgombania. Kila mara filamu iliporudiwa, papa aliongeza ninja mwingine na kazi nyingine. Kuna wiki tulipata mkunga. Kuna wiki tulipata ninja wa kuziba mashimo barabarani baada ya mvua, na salle ikapiga makofi kuliko ilivyopigia upanga wowote.

Ila wa mwisho hakubadilika. Huyo alikuwa ninja mbovu kuliko wote, aliyelala darasani tangu asubuhi mpaka kengele. Hakuokota kitu isipokuwa appel, ule wito wa majina wa asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa pekee aliyokuwa macho. Alifika kijiji cha watu asiowajua, akakaa juu ya jiwe, na kila asubuhi akaita majina ya ukoo wake wote kwa mpangilio, wazima na waliokufa. Watoto wa kijiji walikuja kumcheka. Siku moja mtoto mmoja alimwonea huruma, akajibu kwa jina lisilo lake, "Présent, maître!" Nipo, mwalimu! Kesho yake wakajibu wawili. Hivyo ndivyo yule mjinga alivyopata kuwa mwalimu, na shule iliyoungua ikafunguliwa tena bila ukuta wala paa.

Hapo papa aligeuka na kutuita sisi. Aliita majina ya watu waliokuwa mle ndani, benchi kwa benchi, na kila aliyeitwa alisimama wima, hata wazee wenye mvi, akapaza sauti: "Présent, maître!" Alituita watoto wake, akajiita mwenyewe na kujijibu, na mwisho akamwita maman. Maman alikaa pembeni ya benchi la kwanza, beseni la beignets, maandazi yake ya kuuza, miguuni, hakuna mtu wa karibu naye isipokuwa papa mwenyewe na fimbo yake. Aliitwa wa mwisho na alijibu kwa sauti kuliko wote, mpaka watu wanacheka. Nadhani filamu ile ilirudiwa mara nyingi kwa ajili hiyo tu.

Halafu vita vilikuja, na majina mengine yakaitwa yasiwe na mwenyewe. Mara ya kwanza ilipotokea papa alisita kidogo, fimbo hewani.

"Kama muntu haiko," alisema, "mwenye kuikala pembeni yake anajibu."

Na yule wa pembeni alijibu. Mimi nilidhani ni mchezo. Nilipenda sana nikiangukiwa na jina la mtu, nikapata kujibu mara mbili.

Tulifika Ubelgiji nikiwa na miaka kumi, kwa njia ndefu ambayo sitaki kuisimulia hapa. Tuliishi Saint-Josse, hapa hapa Brussels, orofa ya tatu, juu ya duka la mkate la Mturuki, harufu yake ilituamsha bila saa. Papa alipata kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kule Jette, mashuka ya watu asiowaona kamwe. Hakulalamika. Lakini Jumapili, baada ya ibada, sebule ikishajaa wageni, mtu mmoja angesema tu "ninja", na papa angesimama mbele ya televisheni iliyozimwa akiwa na mwiko wa fufu mkononi. Wale watu wa Kivu walikuwa wamepoteza wakubwa wao, wadogo wao, nyumba zao na vyeti vyao. Mwalimu wa zamani alikuwa anaosha vioo, nesi anauza nywele za bandia. Papa alipouliza "na kesho yake mutafanya nini?" hakuna aliyekohoa. Na appel ilipofika walisimama, vikombe mkononi, na jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe, ambalo nalijua vizuri kuliko la papa.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, nina ujuaji wa kupita kiasi. Wiki ile darasani tulikuwa tumesoma historia ya enzi za ngome, za bwana na watu wake: seigneur, vassal, maître. Jumapili papa akaanza. Wageni walikuwa wameshiba fufu na sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, wametulia. Aliposema "maître wao, mwalimu wao," nilinyoosha kidole kama niko shuleni.

"Papa, maître pale si mwalimu," nikasema, kwa Kiswahili nilichokinyoosha makusudi. "Ni bwana. Ni mtawala wao. Ulikosea tangu mwanzo."

Tonton mmoja, mjomba wa heshima tu, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha alipasuka kwa kicheko. "Kumbe tulilia école bure!" Sebule nzima ikacheka. Na papa naye alicheka, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Bon," alisema. "Kumbe."

Akaweka mwiko mezani, akaenda jikoni kunywa maji. Niliusikia mfereji ukimwagika muda mrefu kuliko glasi moja. Aliporudi alizungumza habari za baridi na za kura za nyumbani. Ninja hakuwasimulia tena, siku ile wala nyingine. Watoto wa wageni walipomwomba, aliwaelekeza kwangu, bila chuki yoyote: "Muulize dada yenu, yeye njo anajua Kifaransa."

Jioni ile, tukiosha sahani, maman hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Weye mutoto, ulisahihisha nini sasa?"

Waswahili husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Papa alijikwaa ulimi, na mtaa mzima ukapata shule. Mimi ulimi wangu ulinyooka sawasawa, kila neno mahali pake, na nikaifunga.

Nilikua, nikala kiapo, nikawa mkali kwa maneno ya watu. Maman alifariki majira ya baridi manne yaliyopita. Baada ya maziko, watu walipotawanyika, nilimwomba papa anisimulie ukoo ule, kwa mara moja tu, vile alivyozoea, na mwalimu ndani yake.

"Nimesahau, mutoto," alisema. Sikuamini, lakini sikuwa na uso wa kumsukuma.

Mwaka jana mshipa wa damu uliziba kichwani mwake. Mguu wa kulia ulirudi kidogo, mkono hapana, na usemi ulikwenda wote isipokuwa neno moja: voilà, "ndiyo hivyo" ya Wafaransa. Akitaka maji ni voilà. Suruali inabana, voilà. Ukimletea habari za msiba, voilà. Mtu aliyezisemea nchi tatu za Asia bila kujua lugha zake, leo ana neno moja, tena si lake. Nakaa hospitalini nikiwatafsiria watu wengine maumivu yao mpaka jina la kidole, halafu naingia kwa papa yangu hapa Laeken nashindwa kujua kama ana njaa. Nilikuwa na hamu naye akiwa mbele yangu. Nilitamani sauti yake hata ikinigombeza.

Mtaalamu wa usemi, binti mpole mwenye subira, alinieleza kwamba maneno yanayopita njia ya fikra yamefungiwa, lakini yaliyokaririwa kwa mdundo huenda yana njia yao ya nyuma. Mjaribuni kwa kuhesabu, alisema, kwa sala, kwa nyimbo. Tulihesabu. Tulisali Baba Yetu wiki tatu, papa akifuata kwa midomo, na penye amina akaweka voilà. Kwaya ya kanisa ilikuja ikaimba pambio zote za Kivu, na akalia, lakini hakuimba. Kuna jambo moja nililijua na sikulijaribu. Nilijiambia ni upuuzi. Kweli ni kwamba niliona aibu.

Jumamosi moja mchana, tumekula, jua dogo la Machi limeingia mpaka kwenye zulia, nilizima televisheni. Papa alishtuka kidogo, kulikuwa na mbio za baiskeli. Nikaenda jikoni nikachukua mwiko. Nilisimama mbele ya kioo cheusi, mwanamke anayekaribia miaka arobaini, mtafsiri wa kiapo.

"Ba-ninja beko mu mvua," nikaanza. "Maître wao amekufa. Mwalimu wao."

Papa alinitazama.

Nilikwenda polepole. Niliuliza swali la kisasi, nikangoja kimya kile cha zamani, na kikaja. Nikawapeleka vijijini fundi wa mapaa, mwanamke wa wagonjwa, yule wa visima. Kisha niliongeza wangu, mimi nisiyeongeza. Nilimtuma ninja mmoja mpaka Jette, akawa anafua mashuka ya watu asiowajua, anayakunja vizuri kona kwa kona, na wagonjwa wanalala wasijue nani kawatandikia. Papa aliinua mkono wake mzima akaushusha juu ya goti.

"Voilà," alisema. Ilitoka tofauti kidogo, au nilitaka iwe tofauti.

Nikafika kwa ninja mbovu na jiwe lake. Niliita majina. Niliwaita kaka zangu wawili, mmoja yuko Kanada na mwingine Kinshasa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyewahi kukaa pembeni yao nikawajibia: "Présent, maître. Présent, maître." Nikaita langu nikajijibu. Nikaita la papa. Midomo yake ilikusanyika. "Vo," alisema, akafunga mdomo, akafunga na macho, jasho likamtoka kwenye paji. Nilingoja. Nilingoja sana. Halikuja, na nikamwambia haidhuru, papa, haidhuru.

Nilikuwa nimekwisha kushusha mwiko. Lakini orodha ile haikuwahi kuishia kwa papa, na ulimi wangu nao una mdundo wake. Niliita jina la maman. Lilitoka kwa sauti kubwa, kama alivyoliita yeye kule Kadutu, na nikabaki nimesimama mbele ya kioo cheusi na jina la marehemu limejaa sebuleni, hakuna wa kulipokea.

"Présent," papa alisema.

Lilikuwa neno kamili, la mtu aliyesimama wima, ingawa alikuwa amekaa. Alifumbua macho akaniona bado ninangoja, mwiko mkononi, machozi mpaka shingoni. Akakusanya midomo tena, taratibu, akalimaliza.

"Présent, maître."

Sikumsahihisha.